Shimo Lililopewa Tano

Chepseon, 14 Januari 2025

Cheptoo, bibi yangu wa Nairobi,

Huyu ni Kugo, babu yako Chepyegon, mwanaume mrembo kuliko wote kutoka hapa mpaka Bomet, na si mimi nasema, ni watu. Chamgei. Sisi hapa tuko. Kogo, nyanya yako, magoti inamsumbua lakini mdomo iko sawa. Ng'ombe ile nyeusi imezaa dume, nimeisamehe. Chai imelala kidogo kwa sababu ya hii jua.

Uliuliza kwa nini sipigi simu. Simu sitaki. Nikiongea na wewe, Kogo anasikiliza pembeni na anajibu kabla yako. Barua ni yangu peke yangu. Sikusoma gumbaru, ile shule ya wazee, mpaka mwalimu akachoka ili nikae bure na kalamu.

Sasa habari kubwa. Watu wa ule mradi wa Moto Safi wamenichimbia shimo la gesi, la kwanza katika huu mlima wote. Unamwaga mavi ya ng'ombe huku, moto unatoka kule jikoni, wa bluu. Nimeambia watu mimi ndiye nilionyesha fundi pa kuchimba na namna ya kujenga, na wameanza kuamini, hata fundi mwenyewe. Johana anakuja kila asubuhi kunywa chai ya gesi. Unamkumbuka Johana, jirani na rika langu, yule alikuwa anakubeba kwa mabega ukiwa mdogo. Anasema chai ya gesi ina ladha ya punda, halafu anamaliza birika.

Harufu iko kidogo, kama ya yai viza. Mathew, yule kijana wa mradi, anasema ni kawaida. Kuku wa Kogo walilala karibu na kifuniko na hawakuamka. Kogo alilia. Mimi nilikula mmoja.

Siku hizi moto umekuwa mdogo. Mathew anasema majani ya nepia kwa mavi imefanya gamba huko ndani, lazima mtu ateremke avunje na jembe. Ni kazi ya muda kidogo tu. Mimi niko na tumbo la mtu mkubwa, sitapita kwa huo mdomo wa shimo. Johana amesema yeye ni mwembamba, ataingia.

Wanasema pia kuna mtu atatoka Nairobi kuja kupima mradi. Kama unamjua, mwambie aanze na kwa Chepyegon.

Mimi, mume wako wa kwanza,
Kugo

*

Nairobi, 3 Februari 2025

Kugo, chamgei mising.

Barua yako imenipata ikiwa imechelewa, na nimecheka peke yangu kwa ofisi mpaka wakanitazama. Mimi niko sawa. Mtoto alikuwa na homa, imeisha. Mpe Kogo pole ya kuku, na wewe usile tena kitu imekufa yenyewe.

Kwanza hii: mwambie Johana asiingie. Nimeuliza mtu anayejua, anasema hewa ya ndani ya hiyo mashimo inaangusha mtu kabla hajajua. Niandikie haraka kama ameshaingia na ametoka salama.

Ya pili. Huyo mtu wa Nairobi ni mimi.

Kazi yangu ni kuangalia kama mradi umefanya kile ulisema utafanya, na kama umeumiza mtu. Tuko na kanuni. Zimeandikwa ng'ambo na watu wamesoma sana, na ni hizo hizo kwa hospitali, kwa shule, kwa shamba, kwa nchi zote. Bosi anataka zifuatwe neno kwa neno. Moja inasema usipime mahali uko na ndugu. Ningesema, kazi ingeenda kwa mtu mwingine, na hii ndiyo ya kwanza wamenipa niongoze mwenyewe. Sikusema.

Kwa hivyo nikija usiniite Cheptoo. Mimi nitakuita mzee, kama sikujui. Sitakula wala kunywa kwa nyumba ya mtu yeyote, ni kanuni. Kila mtu nitamuuliza peke yake na jina lake halitaandikwa. Kwa kila swali mtatoa alama: moja ni mbaya, tano ni nzuri kabisa. Alama zikiwa nzuri, watajenga shimo kubwa kwa jikoni ya shule ya msingi, hapo chini yako, na mengine mengi kule Sigowet. Kwa hivyo tafadhali, watu waseme vile iko.

Cheptoo

*

Chepseon, 22 Februari 2025

Bibi yangu ambaye sikujui,

Sisi tuko. Kogo anakusalimia. Amerudi kwa kuni, unajua kichwa yake ilivyo ngumu. Gesi tumeifunga kwanza, tunaipumzisha. Mvua imeanza kunukia. Barua yako ilikaa kwa ofisi ya vifurushi nyuma ya magunia ya avokado, na Dorine wa hiyo ofisi anasema ni mimi sikuuliza. Ilinifikia wakati haina haraka tena.

Lakini kitu moja nimeelewa. Kumbe ni mtihani. Ungesema mapema, mama. Unanizungushia kanuni na ng'ambo, na ni mtihani wako unafanya. Mimi nimezeeka na sijaona shimo likipewa alama. Alama anapewa mtoto. Bosi amekutuma huku akitaka kujua kama unaweza kazi, na sisi ndio tutajaza.

Basi lala usingizi. Jumapili baada ya kanisa nilisimama nikaambia watu: mtoto wetu anakuja kufanya mtihani, anajifanya hatujui, hiyo ni sheria yao, na yeye anataka tano. Wakasema, tano tu? Hakuna sita? Kila mtu amekubali. Hata Janeffer, mke wa Johana, amekubali, na huyo ndiye niliogopa. Usiniulize kwa nini. Alisema, "Mtoto asianguke kwa sababu ya sisi."

Ni Oketch tu ananipa shida. Ni yule mtu wa ziwa anafanya kazi kwa kiwanda cha majani chai, alinunua ile ploti karibu na mto, na yeye pia ako na shimo. Anasema ataandika anachotaka. Nilimwambia wewe umekuja na mashua, huwezi jua mitihani ya huku juu. Alicheka, lakini si sana.

Kuja. Nitakuwa mzee asiyekujua, na nitaifanya vizuri kukushinda.

Kugo

*

Chepseon, 15 Machi 2025

Mama wa ofisi,

Natumaini ulifika salama na hiyo gari yenu nyeupe. Huku mvua imefika kweli. Chai inatoa majani mpaka mikono inachoka.

Sasa nataka kukuambia, nimeona waigizaji kwa maisha yangu, lakini wewe. Ulisimama kwa mlango wangu, mlango ule wewe ulijifunza kutembea ukiushika, ukasema, "Habari yako mzee, naitwa madam." Kogo alitoka na mursik, maziwa ya kulala, kwa kibuyu, ile ya mkaa mzuri, amekuwekea mwezi mzima. Ukasema asante, hatunywi. Hatunywi. Nani na nani? Kogo alirudi jikoni na sikumsikia mpaka mkaondoka. Lakini nilimwambia huo ndio mtihani, wanaangalia kama utaanguka kwa maziwa.

Uliniuliza kama nimeridhika. Nikasema tano. Uliuliza kama ni salama, nikasema tano. Uliuliza kama mtu yeyote ameumia. Nikakutazama, wewe ukatazama karatasi. Nikasema hakuna.

Wote walitoa tano. Ni Oketch peke yake alitoa moja, moja, moja mpaka mwisho, yeye mwenyewe alitangaza, ati mke wake Adoyo alianguka akiosha sufuria karibu na kifuniko. Nani alimwambia aoshe hapo. Tangu hiyo siku watu hawamsalimii. Juzi mtu amekata sukuma wiki yake yote na panga, akaipanga vizuri kwa njia. Sijui ni nani. Sijauliza pia.

Umepita, mama. Niambie walikupa nini.

Kugo

*

Nairobi, 4 Aprili 2025

Kugo,

Tuko wazima. Mtoto ameota meno mawili, anauma kila mtu.

Waambie watu asante, lakini huo haukuwa mtihani wangu. Sijui niseme vipi ili uelewe. Ni shimo ndilo lilikuwa linapimwa. Mimi nilikuwa kama mtu wa kushika mizani tu. Mkiweka jiwe kwa mizani, si mimi nakuwa mzito.

Ripoti imeenda. Inasema mradi ni mzuri sana. Nilimwonyesha bosi majibu ya Oketch, akasema mtu mmoja akiwa mbali hivyo na wengine wote, labda ana chuki na jirani zake, tumweke kwa maelezo ya chini. Nikamweka. Shimo la shule litajengwa haraka na kujazwa mwezi huu, lianze kutumika muhula wa pili.

Kuna kitu hakinitoki kwa kichwa. Nilipofika kwa Janeffer alijibu tano kwa kila swali bila kuinua macho. Alikuwa anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja. Nyuma ya nyumba niliona udongo mpya umeinuka, na maua ya plastiki imelala na mvua. Nilitaka kuuliza. Karatasi yangu haikuwa na swali la udongo, na kanuni inasema kila mtu aulizwe maswali yale yale. Nikageuza ukurasa.

Kugo, Johana yuko wapi? Tangu Januari hujaandika habari yake hata mara moja, na wewe huwezi kumaliza barua bila kumtukana. Nilipiga simu ya Kogo. Anasema umeenda kuchuma chai. Jumapili?

Cheptoo

*

Chepseon, 22 Aprili 2025

Cheptoo,

Barua yako nilikaa nayo. Usifikiri ni posta.

Huku ni mvua tu. Barabara ya kuenda chini imekatika, maziwa inamwagika kwa sababu lori haipandi. Kogo magoti ni yale yale. Nilikuwa nataka kukuambia vile nilikutana na chui huko msituni nikiwa kijana, mimi na yeye tukatazamana, nikamwambia shikilia njia yako nami nishike yangu, akashika. Hujawahi kusikia hiyo. Iko na sehemu refu ya katikati, nitakuandikia siku ingine.

Shimo la shule limeisha, na mavi imeshajazwa. Naliona nikisimama kwa mlango. Ni kubwa, kama nyumba imelala chini. Watoto wanakuja kuruka juu ya kifuniko hata hii likizo, wanapenda vile inalia. Jana upepo ulitoka huko na Kogo akafunga dirisha.

Oketch amehamisha mke wake kwa dada yake. Yeye amebaki. Tulikutana kwa njia, nikampisha, akasimama. Aliniambia, "Mzee, mimi sina neno na wewe. Lakini hao watoto ni wa nani?" Mimi ninajua kujibu watu, unanijua. Nilishika njia yangu.

Kuhusu hayo mengine umeuliza, si ya kuwekwa kwa barua. Umeshapita. Kaa na kupita kwako.

Kugo

*

Nairobi, 29 Aprili 2025

Kugo,

Leo sina salamu nyingi, unisamehe. Hii naituma na dereva wa asubuhi, nimemlipa akupe kwa mkono.

Nilienda kwa bosi nikamwambia huko ni kwetu, na wewe ni Kugo wangu, na nilificha. Nilisema majibu yale yote ni bure, kwa sababu watu walikuwa wananijibia mimi. Akaniambia nikusanye vitu vyangu. Kwa hivyo mtihani nimeanguka, kama unataka kuuita mtihani. Hakuna kitu kimebaki cha kulinda. Waambie watu hivyo.

Lakini ripoti haijarudishwa. Wanasema imeshapokelewa na pesa ya mashimo mengine imetoka. Nimeambiwa lile la shule limeshafanya gamba, na Mathew atatafuta mtu wa kuteremka Jumanne ijayo. Nimempigia. Anasema, "Madam, wewe mwenyewe uliandika hakuna aliyeumia."

Ni kweli niliandika. Na udongo niliuona.

Niambie sasa. Si kwa ajili yangu.

Cheptoo

*

Chepseon, 8 Mei 2025

Cheptoo,

Naandika nikiwa nimekaa kwa Janeffer. Ameniambia niandike hapa, na nisiweke maneno yangu ya mapambo.

Johana aliingia kwa shimo langu tarehe ishirini na mbili Januari. Barua yako ya kumkataza ulikuwa bado hujaandika. Asubuhi alikunywa chai, ya kuni, akasema leo hatimaye inanuka kama chai. Akateremka na ngazi. Aliniambia kutoka ndani, "Chepyegon, hiyo harufu imeisha kabisa." Tukafurahi. Hatukujua ikiisha ndiyo mbaya, hewa imeshaua pua. Nilimwambia utani mmoja, sitakuandikia ni gani, na nikangoja anirudishie, kwa sababu Johana hajawahi kukosa kurudisha. Nikainama. Alikuwa amekaa chini kama mtu amechoka.

Nilitia kichwa na mabega. Sikupita. Oketch ndiye alitoka mbio kule chini akanivuta na miguu, ama tungekuwa wawili. Alimtoa Johana na kamba na ndoano. Ni yeye, huyo tulikata sukuma yake, na ya Johana hakukuambia kwa sababu Janeffer alimwomba. Mathew alikuja akasema pengine ni moyo. Mimi ndiye nilimwambia Janeffer tuseme moyo, nikisubiri kwanza nijue itakuwaje na mradi. Halafu ikaja barua yako ya alama, na moyo ukakaa hapo hapo. Alificha kifo cha mume wake ili wewe upate tano.

Dereva alinipa barua yako Jumatano. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikisema mtoto amefukuzwa kazi, hakuna tena wa kusaidiwa, kila mtu aseme vile iko. Wengine walisema ni mbinu, ati tukibadilisha ndipo utafukuzwa. Wengine walicheka, wakasema Chepyegon ameanza hadithi ingine. Mzee mmoja aliniuliza kama huyo chui pia alikuwa kwa shimo.

Jumanne tukaenda shuleni, mimi na Janeffer na Oketch, na wengine wachache nyuma. Mathew alikuwa amefika. Aliyekubali kuteremka ni Ombati, yule anapika uji ya watoto. Alikuwa ameshavua viatu. Nikasema mbele ya watu wote Johana hakufa na moyo. Mathew hakukasirika. Alisema pole pole, "Mzee, wewe ulitoa tano. Jirani zako wote walitoa tano. Iko kwa ripoti. Mimi nifuate gani, ya mwezi wa tatu ama ya leo?"

Nikafungua mdomo. Unajua mara ngapi nimefungua huu mdomo bila kujua nitasema nini, na ikatoka. Haikutoka.

Janeffer alienda akachukua viatu vya Ombati, akavishika. Akasema, "Tano yangu ni mimi nilitoa. Nani ataniambia siwezi kuirudisha?" Halafu akamwambia Ombati, "Bibi yako ako nyumbani? Basi enda ukae naye." Ombati alimtazama sana. Akachukua viatu, akaenda bila kuvaa. Watoto wametolewa hapo, mwalimu mkuu ameweka seng'enge. Kifuniko bado kimefungwa.

Lakini Mathew alipokuwa anaingia kwa gari alisema hivi, na hakusema kwa ubaya: "Hapa nitangoja ofisi. Sigowet wameshachimba, na wao wanataka." Oketch alimuuliza kama watu wa Sigowet wanajua. Mathew akasema wamesomewa ripoti kwa mkutano wa chifu. Walisomewa kwamba huku kwetu kila mtu ameridhika, na hakuna aliyeumia. Walipiga makofi. Shimo la kwanza limeshafanya gamba, watalifungua Ijumaa, na watu wanabishana nani ateremke, kwa sababu anayeteremka analipwa.

Leo ni Alhamisi. Oketch ameomba ruhusa kiwandani, ametafuta boda mbili. Tunaondoka saa hii sisi watatu, barabara ni matope, sijui tutafika lini. Huko hakuna mtu wetu. Wanaonijua Sigowet wananijua kwa sokoni, ni yule mzee wa kuwachekesha, na wakiniona nimesimama mbele wataanza kucheka kabla sijasema.

Nimemwambia Janeffer hivyo. Amesema basi mimi nisimame tu karibu naye, nisiseme kitu.

Nimekubali.

Chepyegon